Mwalimu Jama na Kipeo Juu ya Kipeo

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana, mmoja wenu, alikuja kwangu hapa Wabera, mtaa wa mji wa Isiolo, akiwa na furushi la karatasi za mtihani. Hakutaka hata kuketi. Alizimwaga mezani akasema, "Mzee, hebu angalia hii. Darasa zima!"

Nikavaa miwani. Swali lilikuwa x³ mara x². Darasa zima liliandika x⁶.

"Kabla ya mtihani uliwafundisha nini?" nikamwuliza.

"Kipeo juu ya kipeo. Ndani ya mabano x³, nje mbili. Na walishika vizuri sana, mzee. Wote walipata x⁶."

"Uliwaambia wafanye nini?"

"Niliwapa kanuni. Zidisha vipeo."

Nilicheka mpaka miwani ikanianguka. Sikuwa namcheka yeye. Kosa hilo hilo nililifanya mimi nikiwa mdogo kuliko yeye, katika mji huu huu, wakati wa vita vya shifta, wale wapiganaji waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia. Na mtu aliyenionyesha kosa langu, nikakosa pa kuweka uso, sijamwona tena tangu wakati ule. Kijana alipoondoka nilivua miwani. Nikamtamani Mwalimu Jama kama mtu anavyotamani maji. Ndiyo sababu nawaandikia, nyinyi mnaoshika chaki sasa. Nataka mumjue.

Nililetwa Isiolo kutoka kwetu Tigania, kwenye migomba na baridi, mara tu nilipomaliza sekondari. Uhuru ulikuwa bado mbichi na walimu walikuwa haba, kwa hiyo kijana aliyejua aljebra kidogo aliitwa mwalimu kabla hajaota ndevu. Mama alinilia kama mtu anayepeleka mwana vitani, na hakukosea sana. Barabara za kaskazini zilikuwa na watu wa kuvizia magari. Mjini kulikuwa na kafyu. Kila njia panda ilikuwa na askari.

Shule yetu ilikuwa vyumba viwili vya mabati, na jua likipanda mabati yalilia kama sufuria mekoni. Watoto walikuwa Waborana, Wasomali, Waturkana, na Wameru wachache ambao wazazi wao walikuwa wafanyakazi wa serikali. Walimu wa hesabu tulikuwa wawili, mimi na Jama.

Jama alikuwa Msomali mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hata siku za vumbi kali. Babu yake alikuwa askari wa wakoloni, akaachwa hapa Isiolo pamoja na wenzake walipostaafu. Baba yake alizaliwa hapa, na yeye pia. Alizungumza Kisomali, Kiborana, Kiswahili na Kiingereza, na alikuwa na ukali wa sauti ya chini. Hakupaza sauti hata siku moja. Akikasirika alikuuliza swali.

Somo langu la kwanza na kidato cha pili aliomba kukaa nyuma, kwenye dawati la mwisho, magoti yakigusa kidevu. Mimi nilijitayarisha kama mhubiri. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: kipeo juu ya kipeo, zidisha. Ile namba ndogo inayokaa begani mwa x, na ile inayokaa begani mwa mabano, zidisha. Tatu na mbili? Sita! Nne na tano? Ishirini! Nikawafanya waimbe. "Zidisha! Zidisha!" Msichana mmoja tu ndiye hakuimba, Talaso, Mborana wa upande wa Kulamawe. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika kitu chake. Wasichana shuleni wakati ule walikuwa wachache sana, nikadhani ni haya.

Nilipomaliza nikatazama nyuma nikingoja sifa. Jama alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu Kaberia, samahani. Na hii je?"

Akaja mbele, akaandika x³ mara x². Darasa likapiga kelele kwa furaha, "x sita!" Watoto hao hao, juma lililotangulia, Jama mwenyewe aliwafundisha hesabu hiyo na walikuwa wakijibu x tano bila kufikiri. Mimi nilikuwa nimeifuta kwa wimbo wangu.

Ni Talaso peke yake aliyesema, polepole, "Hapana. Hiyo ni tano. Ile ya mwalimu ndiyo sita."

Jama akanirudishia chaki, akaenda zake kuketi.

Nilitegemea anicheke jioni. Badala yake alisema, "Twende nyumbani ukanywe chai."

Kwao kulikuwa karibu na msikiti. Aliishi na mama yake, ambaye macho yalikuwa yamefifia, na dada yake Halima, aliyekuwa na ulimi mwepesi. "Huyu ndiye Mmeru wako?" Halima aliuliza akiweka chai ya maziwa ya ngamia mbele yangu. "Mbona mdogo hivi? Wamekosa wakubwa huko kwao?"

Jama alitandika karatasi iliyokuwa imefungia sukari, akatoa kalamu. Akaandika x³ ndani ya mabano, mbili nje. "Sasa andika maana yake. Usiandike jibu. Andika maana."

Nikaandika x³ mara x³.

"Endelea kufungua."

Nikaandika x mara x mara x, halafu tena x mara x mara x.

"Hesabu."

"Sita."

"Nani amekuambia uzidishe?"

Nikaitazama karatasi.

"Hakuna. Umehesabu tu. Mtoto akihesabu hivyo mara nyingi atachoka, na akichoka atatafuta njia ya mkato, na njia hiyo atakuwa ameikanyaga mwenyewe. Ukimpa wewe mapema, ataitumia kila mahali, hata pale isipoenda." Akanywa chai. "Kesho usitamke neno zidisha. Hata wakikuomba."

Basi kesho yake nilifuta wimbo. Tulifungua mabano kwa urefu, mistari mirefu ya x kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi mwingine, mpaka kijana mmoja akalalamika, "Mwalimu, kwani hakuna njia fupi?" Nikajifanya sijui. Wakaitafuta. Walipoipata walinifundisha mimi, na nilijifanya nimeshangaa. Ninyi vijana mna kompyuta na projekta, vizuri. Lakini msione haya kujifanya mmeshangaa. Ni sehemu kubwa ya kazi hii.

Kosa la pili ambalo mtalikuta kila mwaka ni la namba iliyo mbele. Mpe mtoto 2x³ ndani ya mabano, nne nje. Atakuandikia 2x¹² akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Ile mbili ameiacha kama ilivyokuwa. Jama alikuwa na dawa yake. Aliingia darasani kwangu, akachora mabano makubwa, akasema, "Hili ni boma. Boma likihama, kuna mbuzi anayebaki?"

"Hapana!" Watoto wa wafugaji walicheka kwa swali la kijinga kama hilo.

"Hata mbuzi mzee? Hata mgonjwa?"

"Hakuna!"

"Basi na huyu mbili anahama na wenzake." Akaandika mbili mara mbili mara mbili mara mbili, kumi na sita, na x¹² pembeni yake. Sikumwona mtoto wa darasa lile akiisahau ile mbili tena.

Kuna jioni moja tuligombana, na hadi leo naifurahia. Nilitaka kumtega. Nikamwandikia mbili, juu yake tatu, na juu ya ile tatu, mbili nyingine, bila mabano. Nikasema jibu ni sitini na nne. Akasema ni mia tano na kumi na mbili. Nikapandisha sauti, yeye akateremsha yake. Mama yake akatuuliza kama tunagombania mke. Mara filimbi ya kafyu ikalia, nikatoka mbio. Askari wa njia panda akanisimamisha, tochi usoni.

"Wewe, unakimbia nini?"

"Nimechelewa, afande. Hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Ya mbili na tatu."

Alinitazama kwa huruma, akaniacha nipite. Nilipofika chumbani niliifungua polepole nikaona. Pasipo mabano unaanzia juu, tatu mara tatu ni tisa, na mbili kipeo cha tisa ni mia tano na kumi na mbili. Mabano yakiwapo, ndipo inakuwa sitini na nne. Asubuhi Jama alinipa mandazi tu. Afadhali angenicheka.

Lakini mniangalie hapo vizuri. Mimi, mgeni aliyeshuka juzi kutoka milimani, niliambiwa "pita, mwalimu." Jama, aliyezaliwa mita chache kutoka njia panda ile, alisimamishwa kila asubuhi. Tulikuwa tukitembea pamoja kwenda shule, na askari huyo huyo angesema, "Wewe Msomali, karatasi." Jama angezitoa kwenye mfuko wa shati, angengoja zisomwe, angezirudisha. Msako ukifanywa mjini alichukuliwa na wanaume wengine wa mtaa wao, na mara nyingine alirudi siku iliyofuata shati likiwa chafu. Siku hizo ndizo pekee nilizomwona na shati chafu.

Nilimwuliza siku moja, "Haikuumi?"

"Inaniuma," alisema. "Tembea. Tutachelewa."

Baada ya likizo moja tulifungua shule tukakuta madawati matupu. Serikali ilikuwa imeamuru wafugaji wa vijijini wakusanywe mahali pamoja, ndani ya seng'enge, ili shifta wasipate chakula wala habari kutoka kwao. Waborana mpaka leo wanaita miaka hiyo Gaafa Daaba, wakati wa kusimamishwa. Ng'ombe na ngamia hawaishi kwa kusimama. Wengine walipigwa risasi, wengine walikufa kwa kukosa malisho, na watu waliokuwa na mali wakawa wanapanga foleni ya unga. Sitajifanya najua habari hiyo kuliko wenyewe. Waulizeni wazee wa Kulamawe, wakikubali kuisema.

Talaso alikuwa ndani ya seng'enge, yeye na wenzake kadhaa wa kidato cha pili. Mtihani ulikuwa unakuja mwishoni mwa mwaka.

"Tutawafuata," Jama alisema.

"Tutawafuata vipi?"

Akatabasamu, lakini si kwa furaha. "Kweli. Utawafuata wewe."

Msomali hakuruhusiwa kutoka mjini bila kibali, na kibali hakikutolewa. Mimi nilipewa nafasi kwenye lori la unga lililokwenda huko kila Jumamosi na askari wa kulisindikiza. Kwa hiyo tulifanya hivi: Ijumaa, akitoka msikitini, Jama alinifundisha somo zima kana kwamba mimi ndimi darasa. Alijua kila mtoto atakwama wapi. "Talaso ataenda haraka, mpe mabano ndani ya mabano. Huyo mwenzake anayekaa upande wa dirisha ataogopa alama ya kutoa. Mwoneshe kwamba kutoa mbili ikiwa ndani ya mabano, kipeo nne, inageuka kuwa chanya. Mfungulie yote. Usimharakishe." Mara nyingine alisimama katikati ya maneno, akatazama mlango. Nilijua anatamani kupanda lori lile mwenyewe.

Siku ya kwanza sajini wa langoni, mtu mkubwa wa Ukambani, alimwaga mkebe wangu chini ili aupekue.

"Hii ni nini?"

"Chaki, afande."

"Watu hawana maziwa, wewe unaleta chaki?"

Nilisema, "Lori limeleta unga. Mimi nimeleta nilicho nacho." Akainama akanisaidia kuziokota.

Ubao haukuwapo. Kulikuwa na tangi la maji la bati, na chaki ilikataa kushika, kwa hiyo tuliandika kwa makaa. Wanafunzi walikaa chini wakiwa wamekonda, wengine sikuwatambua upesi. Talaso alikuwa na nyanya yake pembeni, mama mzee waliyemwita Akko, ambaye alikataa kumwacha mjukuu na mwanamume asiyemjua. Nilianza na nilichokuwa na uhakika nacho. Nikachora mabano makubwa kwa makaa. Nikasema kwa sauti ya furaha, kama Jama, "Hili ni boma. Boma likihama, kuna mbuzi anayebaki?"

Hakuna aliyejibu.

Nikafikiri hawajasikia, nikarudia. Mvulana mmoja akafunika uso kwa magoti. Ndipo Talaso akasema, kwa upole kabisa, "Mwalimu, hapa tafuta mfano mwingine."

"Kwa nini?"

Alitazama seng'enge, na mimi nikaitazama. Nyuma yake kulikuwa na mifupa ya ng'ombe, myeupe, mingi. Nilifuta mabano kwa mkono wangu.

Nilipomsimulia Jama, aliweka kikombe chini na hakukiinua tena. Alisema, "Mfano ule ni wangu. Ningeenda mimi, ningeona kabla ya kufungua mdomo." Kisha akamwita dada yake. "Halima, nipe mtandio wako."

"Wa kufanyia nini? Utaurudisha na wino."

"Lete tu."

Aliutandaza kwenye mkeka. "Tazama. Kunja mara moja, tabaka mbili. Kunja tena, nne. Tena, nane. Mara tatu, na kila mara tabaka zinakuwa maradufu. Hiyo ni mbili kipeo cha tatu, iko ndani ya mabano. Nje pana mbili. Maana yake kazi hii yote, siyo kukunja kumoja, kazi yote, ifanye mara mbili." Akaendelea na kitambaa kile kile bila kukifungua. Moja, mbili, tatu. "Umekunja mara ngapi kwa jumla?"

"Sita."

"Si tano?"

"Si tano."

"Wasiseme ni sita kwa kuwa wewe umesema. Waache wakunje."

Jumamosi iliyofuata niliwaomba kitambaa. Akko, alipofasiriwa, alivua kitambaa chake kikubwa cha begani kwa mashaka, akabaki akiniangalia kama mtu aliyemkopesha mwizi. Watoto wakakunja. Nne, nane. Kwa kazi ya pili kitambaa kilikuwa kigumu, wakakikandamiza kwa magoti, mmoja akakikalia ili kisifunguke. Sita! Wakabishana kuhusu tabaka, wakahesabu, nane mara nane, sitini na nne. Akko akauliza wanasema nini. Talaso akamweleza kwa Kiborana. Mama mzee akalichukua lile donge, akaliweka chini, akalikalia mwenyewe, akasema maneno fulani, na wote wakaangua kicheko.

"Anasema nini?" nikauliza.

Talaso alikuwa akifuta machozi ya kucheka. "Anasema hesabu yenu hatimaye imetengeneza kiti."

Sikuwahi kusikia kicheko ndani ya seng'enge ile kabla ya siku hiyo. Sajini alikuja kuona kuna nini, akasimama na bunduki yake, akaomba wakunje tena.

Mwaka ukaenda hivyo. Ijumaa nilikuwa mwanafunzi, Jumamosi nilikuwa mwalimu. Niliporudi Jama alikuwa akiningoja mlangoni, na kabla ya salamu kwisha aliuliza, "Talaso alipata ile ya mabano mawili?" Nikisema alipata, alifunga macho kidogo.

Mtihani ulipokaribia, nilimwomba afisa aliyesimamia kijiji kile cha seng'enge aniruhusu kuwapeleka mjini, akanikatalia mara moja. "Watu hawa hawatoki."

"Wanafunzi tu, bwana. Wakimaliza nitawarudisha mwenyewe."

"Wakitoroka kwenda kwa shifta?"

"Nichukue mimi."

"Nikuchukue nikupeleke wapi? Nina watu wa kutosha wa kulinda." Akamgeukia Talaso, aliyekuwa amesimama na wenzake. "Wewe, mjini unataka nini?"

"Nataka kukaa kwenye dawati," Talaso alisema. "Mtihani ukiisha nitarudi."

Afisa akawa anatikisa kichwa. Ndipo Akko akaja mbele. Hakuitwa. Alisema polepole akimtazama usoni, na mkalimani alifasiri akiwa ameinamisha macho. "Anasema, ng'ombe wamekwisha. Ngamia wamekwisha. Mwanawe alikufa humu ndani. Anasema huyu msichana ndiye kitu kimoja alichobaki nacho, na anakitoa mkononi mwake kwa hiari. Anauliza, kama yeye haogopi, wewe mwenye bunduki unaogopa nini?"

Sajini alikuwa akiangalia viatu vyake. Afisa akakuna shingo, akasema, "Wapande lori. Kaberia, nikikosa hata mmoja, nakutafuta Tigania."

Jama alikuwa amesimama kwenye lango la shule tangu asubuhi. Lori liliposimama, watoto waliteremka wakiwa weupe kwa vumbi. Alimtazama Talaso muda, kama mtu anayesoma.

"Nagaa?" akamsalimu. Amani?

"Nagaa, mwalimu."

Nilidhani atawapa mazoezi ya mwisho. Hapana. Alisema, "Leo hakuna hesabu," akawapeleka nyumbani kwake. Halima alikuwa amepika, mama yake akawapapasa nyuso mmoja mmoja kwa sababu hakuona vizuri, akisema, "Mmekonda, mmekonda." Wakanywa maziwa ya ngamia. Hata hilo mlijue, ninyi mnaowafungia watoto darasani siku ya kuamkia mtihani. Mtoto mwenye njaa na hofu hafundishiki. Mlisheni.

Waliufanya mtihani. Nikawarudisha kama nilivyoahidi. Talaso alipanda lori mwenyewe, akakataa mkono wangu, akakaa juu ya magunia akiangalia mbele. Nimefanya mambo mengi magumu katika kazi hii, lakini safari ile ya kuwarudisha watoto ndani ya seng'enge siku nzuri kama ile, bado inanijia.

Niwaambie basi ilivyokuwa baadaye, ili msibaki na shaka. Talaso alifaulu, yeye na karibu wenzake wote. Alipata nafasi katika shule ya wasichana huko milimani, akasomea ualimu, na vita vilipokwisha na seng'enge kung'olewa alirudi kufundisha watoto wa Kulamawe. Alistaafu kabla yangu. Akko aliishi kumwona akishika chaki. Wengi wenu mmefundishwa na watu waliofundishwa na Talaso, na hamjui.

Lakini matokeo yalipofika Isiolo, mtu niliyetaka kukimbia kumwambia hakuwapo.

Krismasi ile nilikuwa nimeenda nyumbani. Mwezi wa kwanza nilishuka na mkungu wa ndizi kutoka kwa mama yangu, zawadi ya "yule mwalimu wako." Nikaenda moja kwa moja. Mlango ulikuwa wazi, nikaita, "Salaam aleikum," kwa lafudhi yangu waliyoipenda kuicheka. Halima akatoka. Hakucheka. Nyumba ilikuwa imetolewa mikeka.

"Jama yuko?"

"Ingia kwanza."

"Wamemchukua tena?"

"Walimchukua, wakamrudisha. Safari hii mama alianguka kwa hofu. Alipoamka akasema hafi kabla hajamwona mwanawe akilala usiku mmoja salama." Alikuwa akikunja mtandio mikononi. "Ameenda na mama. Hargeisa, huko Somalia, kwa watu wa babu. Mimi nabaki, mume wangu ana lori hapa."

"Atarudi lini?"

"Kaberia," alisema, na hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya hapo, "huko yeye ni mgeni. Hata njia ya kwenda kisimani haijui. Amezaliwa hapa."

Sikujua niweke wapi ndizi. Nilikuwa bado nimezibeba begani.

"Hakuniachia neno?"

Halima akafikiri. "Nilimwambia, mngoje rafiki yako umuage. Akasema gari haliwezi kungoja. Halafu akasema, akija usimkalishe sana, ana darasa asubuhi."

Kwa miaka mingi baadaye niliwauliza madereva wa masafa marefu waliopita Isiolo kama wamekutana na mwalimu mmoja mrefu wa hesabu, mwenye shati jeupe. Mmoja alisema walimu warefu huko ni wengi. Halima naye alihama na mumewe. Kila mwaka nilipofika kwenye somo lile la vipeo nilimsikia akiniuliza nani ameniambia nizidishe, na mara nyingine nilimjibu kwa sauti, wanafunzi wakatazamana.

Ni kweli, nilikuwa na darasa asubuhi ile. Nilikuwa na lake na langu, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Niliwakalisha wote chumba kimoja, watatu kwa dawati, na kabla sijafungua kitabu mtoto wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, Mwalimu Jama anakuja saa ngapi?"

Nikasema hatakuja. Nikageukia ubao niandike tarehe, na nikakaa nimewapa mgongo muda mrefu kuliko unaohitajika kuandika tarehe, nao watoto, Mungu awabariki, wakaningoja bila kelele.